Sampuli Itulie Kwanza

Usiku wa kuamkia leo niliota ndoo ya maabara imenijia nyumbani, imesimama mlangoni, inapiga hodi kwa mshikio wake.

Niliitambua mara moja. Ni ndoo ya bluu, ya lita kumi, mshikio wake umefungwa waya. Kwa miaka sita nimeitumia kuchota maji kwenye bomba ambalo kiwanda chetu cha sukari humwagia mtoni. Sikushangaa kwamba inaongea. Kilichoniudhi ni kwamba ilikuja na matope kwenye sakafu niliyotoka kuideki.

"Nyangeta," ikasema, "unaitwa mtoni."

"Nani ananiita?"

"Utamwona. Mimi nimechoka kutumwa peke yangu."

Hapa inabidi nieleze kazi yangu, maana bila hivyo ndoto yenyewe itaonekana ya kipuuzi. Mimi ni fundi wa maabara. Kiwanda kinavuta maji baridi kutoka Mto Mwiruru, kinayapitisha kwenye mitambo ili kuipoza, halafu kinayarudisha mtoni. Maji hayo hayana sumu wala harufu. Yamebeba joto tu. Sheria inasema yakirudi yasiuzidi mto kwa zaidi ya nyuzijoto tatu, na anayepima ni mimi.

Nachota saa tatu asubuhi. Naiweka ndoo kivulini nyuma ya stoo, tunakwenda kunywa chai, na saa tano natumbukiza kipimajoto na kuandika ishirini na saba. Mto wenyewe ni ishirini na tano. Kwa hiyo tuko salama kabisa, kwenye karatasi.

Utaratibu huu sikuubuni mimi. Mwongozo wa maabara unasema sampuli ya tope iachwe itulie kwa saa mbili kabla ya kupimwa. Aliyenitangulia kazini alisoma "sampuli itulie" akafunga kitabu, na tangu hapo kila kitu kwetu kinatulia: tope, maji ya moto, hata wageni. Ungeniuliza kama niliwahi kuwa na mashaka, ningekujibu kwamba mwaka wa pili nilikuwa nayo. Nikanywa chai yangu, yakapita.

Basi nikaifuata ndoo. Tukafika kazini bila kupita njiani, na nikafungua mlango wa stoo.

Ndani hakuna stoo. Kuna mto, na mimi niko chini yake, nimekaa nyuma ya meza ya mbao kama karani wa getini. Gauni langu ni kavu. Mbele yangu kuna mdomo wa bomba, na mezani barua moja yenye mhuri. Imeandikwa: WARUHUSIWE WATATU.

Wanaanza kutoka bombani. Ni wanaume wanene waliovaa masweta mazito, kila mmoja anavuja jasho na kujifuta kwa taulo. Nawahesabu. Wako kumi na mmoja, timu kamili ya mpira.

"Nyinyi ni akina nani?" nauliza.

"Sisi ni nyuzijoto," anajibu aliyetangulia. Ana adabu, lazima nikiri. "Tunatoka kwenye mitambo, tunahamia mtoni. Habari za kazi, dada?"

"Nzuri. Barua inasema watatu."

"Tunajua. Fomu yako inasema wawili."

Naifungua fomu. Ni kweli. Ishirini na saba ukitoa ishirini na tano, wanabaki wawili. Ni fomu ya miezi mitatu, ile ambayo mkaguzi wa maji anakuja kuichukua leo hii saa tano, nami nilikwisha kuijaza yote na kuisaini, hata siku ambazo bado hazijafika.

"Na hawa tisa wanapita kwa ruhusa ya nani?"

"Ya chai," anasema. "Mkienda kunywa chai, sisi tisa tunatoka kwenye ndoo polepole, tunapanda juu, tunapotea zetu. Ukirudi unatukuta wawili tumekaa kimya. Lakini mtoni hakuna chai, dada. Mtoni tunaingia wote."

Na kweli wakaingia wote. Walinipita mezani mmoja mmoja, kila mmoja akinipa pole na kazi, wakaenda kukaa katikati ya mto kama watu waliofika kwao. Mto ukaanza kunuka majani yaliyochemka.

Mara nikaona familia moja inahama. Baba, mama na watoto wengi wembamba, wepesi, vyombo wamefungasha kwenye kanga. Nikamsimamisha mama.

"Mnakwenda wapi?"

"Sisi ni hewa ya humu majini," akasema. "Maji yakiwa baridi tunakaa bila shida. Hawa wenye masweta wakiingia, hatupati pa kushika. Tunapanda juu."

"Na samaki watavuta nini?"

"Waulize wenyeji wetu wapya," akasema, akamshika mtoto wa mwisho mkono. Wakapanda wote. Nilisikia wakipasuka juu ya maji, mmoja baada ya mwingine, bila kelele kubwa.

Naomba ieleweke kwamba mpaka hapo sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe nilikuwa sijui niielekeze wapi, kwa sababu getini pale hapakuwa na mtu mwingine zaidi yangu.

Nageuka, na mto umekuwa zahanati.

Kuna mabenchi ya tope na foleni ndefu ya samaki. Wote wanahema mbiombio, mashavu yanafunguka na kufunga. Kambale mmoja mwenye sharubu ndiye nesi. Ana kopo dogo la hewa na kijiko cha chai.

"Kijiko kimoja kimoja," anatangaza. "Hakuna kurudia."

Samaki mdogo aina ya furu anagoma kuondoka. "Nesi, zamani kimoja kilinitosha kutwa. Sasa moyo unakimbia ovyo. Nataka vitatu."

"Joto linakuongezea haja ya hewa, na hilohilo linaifukuza hewa," anasema kambale. "Mimi nifanyeje? Kalalamike bombani."

"Nesi, shikamoo," nasema. "Mbona wewe huhemi?"

"Marahaba. Mimi ni kambale, natoa mdomo nje navuta ya huko juu. Wenzangu hawakujaliwa hivyo. Ndiyo maana nimepewa kazi hii."

Kwenye kona kuna vifaranga vya samaki, wengi kama mchele, wanalia. Nikauliza wana nini. Nesi akasema joto liliwadanganya, wakatoka kwenye mayai siku nyingi kabla ya wakati wao, na wadudu wadogo ambao ndio chakula chao bado hawajazaliwa. Wamefika mezani wakati jikoni hakujawashwa moto.

Sato mmoja mnene anaingia bila foleni, amejipaka mafuta. "Nyinyi mnapenda kulalamika," anasema. "Mimi naishi palepale mdomoni pa bomba. Joto tamu, majani tele, nimenenepa. Kiwanda kikae milele. Sisi wa bombani hatuna—"

Hapo ikasikika honi ya kiwanda. Ni Jumapili, mitambo inazimwa isafishwe. Maji ya bomba yanakatika, baridi inarudi yote kwa pamoja, na sato anakakamaa katikati ya sentensi. Nesi anamfunika kwa jani.

"Anayefuata," anasema.

Anayefuata ni samaki mkubwa aina ya ningu, jike, tumbo limejaa hadi anaogelea akiwa ameinama mbele. Anakataa kijiko. Anakuja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Nyangeta wa maabara?"

"Ndiye mimi."

"Naitwa Nyakwesi. Nimetoka ziwani, napanda mto kutaga. Tumboni nina mayai elfu arobaini na wenzangu wako nyuma yangu. Mvua imeshanyesha, mto umejaa, na mayai haya yamebakiza siku mbili. Kwenye kona ya bomba lako hapapitiki."

"Mama, kwa mujibu wa vipimo—"

"Vilete nivione."

Nikampa fomu. Aliisoma taratibu, akiipeleka karibu na jicho moja kisha jingine. Nilikuwa na matumaini ya kijinga kwamba huenda ningu hawajui kusoma tarakimu.

"Ishirini na saba," akasema. "Hapo ningu anapita akiimba. Haya, na hapa chini pameandikwa nini?"

Nikaangalia. Chini ya sahihi yangu pameandikwa, kwa maandishi ya mashine ambayo naapa hayakuwapo nilipoijaza: ALIYESAINI ATANGULIE.

"Tangulia, mwanangu," akasema Nyakwesi.

Sina tabia ya kukimbia maneno yangu. Nikakunja gauni, nikatangulia. Mto ukawa mto wa kawaida tena, nami nimesimama ndani yake, maji magotini, nakaribia kona. Hatua ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tatu nikasikia masweta yananishika miguu, kumi na mmoja wote, na joto likapanda kwenye mifupa. Nikasimama.

"Mbona umesimama?" akauliza Nyakwesi nyuma yangu.

"Maji yanachoma."

"Fomu inasema ishirini na saba."

"Najua inavyosema."

"Au miguu yako haijui kusoma?"

Wenzake waliokuwa nyuma wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kifupi kwa sababu hewa ilikuwa haba. Wawili hawakumaliza kucheka. Waligeuka ubavu, matumbo yakatazama juu, na maji yakawachukua kuwarudisha walikotoka, pamoja na mayai yao. Nyakwesi hakuwaangalia. Aliniangalia mimi.

Nikasema, "Mama, nionyeshe cha kufanya. Nitakifanya."

"Unakijua," akasema. "Kiwanda chenu kilichimba bwawa la kupozea. Maji yakishinda humo siku nzima ndipo yanakuja mtoni, yamepoa, yana adabu. Liko wapi?"

Nilitamani asingeuliza.

Bwawa lipo. Lilichimbwa vizuri, limejengewa kingo, lina lango la chuma lenye usukani wa kufungulia maji. Lakini mwaka wa kwanza lilikaa tupu kidogo, udongo wake ukaonekana mzuri, na mtu mmoja akapanda tuta moja la viazi vitamu kujaribu. Leo bwawa zima ni matuta. Kila idara ina sehemu yake: boila, maghala, uhasibu, hata walinzi. Tuta la kwanza, lile lililo kwenye lango kabisa, ni langu na mume wangu Mafuru, ambaye ni fundi wa boila. Huyo mtu mmoja wa kujaribu alikuwa yeye.

Tayari tumefika. Nyakwesi ananifuata hewani, anaogelea juu ya marando ya viazi kana kwamba nayo ni maji. Viazi vinanong'ona chini ya udongo. Kimoja cha tuta langu kinatoa kichwa.

"Mama Nyangeta, tumebakiza wiki tatu tu," kinasema. Kina sauti ya mtoto anayeomba asiamshwe.

"Mimi nimebakiza siku mbili," anasema Nyakwesi.

"Tulianza sisi kufika."

"Hili ni bwawa," anasema Nyakwesi. "Muulizeni aliyelichimba."

Kwenye ukingo, juu ya kreti la soda, amekaa Mhandisi Masatu, mkuu wangu wa kazi, na birika la chai mkononi. Ni mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja, na ndiyo shida yake.

"Nyangeta," ananiambia, "sampuli imetulia?"

"Sampuli imetulia, Mhandisi. Mto haujatulia."

"Kaa kwanza unywe chai. Andika ishirini na saba kama kawaida. Tukishavuna tutafungulia maji."

"Mwaka jana tulisema hivyohivyo."

"Na tulivuna," anasema. "Tukapanda tena. Wewe mwenyewe ulileta mbegu."

Ni kweli nilileta mimi. Akanimiminia chai. Kikombe kilikuwa cha moto, na kadiri nilivyokishika ndivyo kilivyozidi kupoa, na kadiri kilivyopoa ndivyo nilivyojisikia vizuri. Nikaona tarakimu zinajiandika zenyewe kwenye fomu, mbili na saba, mbili na saba, hadi mwisho wa ukurasa. Ilikuwa raha kubwa, sitaificha. Kisha nikamtazama Nyakwesi. Mashavu yake yalikuwa yanafunguka na kufunga haraka kuliko ya furu wa zahanati, na hakuwa ananiomba chochote.

Nikakimwaga kikombe.

"Nyangeta, utatugombanisha na kiwanda kizima," akasema Mhandisi Masatu, bila kupandisha sauti.

"Watagombana na mimi nikiwa nimesimama hapa langoni," nikasema. "Wakija, waambie waje na majembe yao."

Nikaenda kwenye lango nikaushika usukani. Una kutu nyekundu, na ulikuwa umelala. Nikauzungusha, haukwenda.

"Nani?" ukauliza.

"Nyangeta wa maabara. Nataka ufunguke."

"Mimi nafunguka kwa kipimo. Kipimo kinasemaje?"

"Ishirini na..." nikaanza, kwa mazoea, na usukani ukarudi kulala.

Nikavuta pumzi. "Thelathini na sita," nikasema kwa sauti, ili hata wahasibu wasikie. "Maji yanatoka bombani na nyuzijoto thelathini na sita. Nimesimama ndani yake kwa miguu yangu. Na miaka sita yote nimeandika uongo, nikiwa na akili zangu timamu."

Usukani ukasogea kidogo, ukakwama tena.

"Sasa nini?" nikauliza.

"Kuna kitu kimenishika huku chini."

Nikapiga magoti nikachungulia. Mizizi ya tuta la kwanza, tuta letu mimi na Mafuru, ilikuwa imepenya chini ya lango na kulizunguka mara nyingi, na kila mzizi ulikuwa na kiazi kidogo, cheupe, kilichofumba macho. Nikatia mikono. Nang'oa. Viazi vinalia, nami nalia, nang'oa. Sikuwahi kulia juu ya kiazi maishani mwangu, na sikuona aibu. Niling'oa hadi udongo ukawa mtupu na lango likaonekana lote, jeusi, likingoja.

"Sasa," nikamwambia Nyakwesi, "nazungusha."

"Usizungushe," akasema.

"Kwa nini? Nimetamka, nimeng'oa, nimegombana na mkuu wangu. Unataka nini tena?"

"Mwanangu, lango hili umelilalia," akasema Nyakwesi kwa upole, kwa mara ya kwanza tangu tukutane. "Hapa ukifungua, yatamwagika maji ya kitandani kwako. Mimi niko mtoni kweli, chini ya kona, tangu jana jioni. Nina siku mbili, na moja inaanza sasa hivi. Amka."

"Nikiamka nitasahau."

"Hutasahau. Rudi ukasimame majini kidogo, kisha amka."

Nikarudi mtoni, nikaingia hadi magotini, palepale pa kuchoma. Nikasimama. Niliumia na sikutoka. Nyakwesi akanipita pembeni, akagusa goti langu kwa ubavu wake, akakaa kungoja upande wa chini wa kona, na wenzake nyuma yake, foleni isiyo na mwisho hadi ziwani.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, jogoo wa jirani wameshamaliza kuwika. Mafuru aliniamsha kwa kunisukuma.

"Toa miguu yako huko," alisema, macho yamefumba. "Inaunguza. Una homa?"

Nikaweka mkono kwenye paji langu la uso. Baridi. Nikafunua shuka. Kuanzia magotini kushuka chini, ngozi yangu ilikuwa imesinyaa na kuwa nyeupe, kama ya mtu aliyefua kutwa nzima, na ilikuwa ya moto. Juu ya magoti nilikuwa mkavu na wa kawaida. Mpaka wenyewe ulikuwa umenyooka.

Nikashuka kitandani, nikachukua fomu kwenye mkoba, nikaipasua mara mbili, nikatoa fomu mpya. Nikavaa gauni la kazi. Nikaenda uani nikarudi na jembe.

Mafuru alikuwa amekaa kitandani ananitazama.

"Unakwenda wapi na jembe siku ya ukaguzi?"

"Kung'oa viazi langoni, kabla ya saa tano. Halafu nafungulia maji bwawani, halafu napima palepale bombani, mkaguzi akiwa ameinama na mimi."

"Nyangeta, viazi havijakomaa. Wiki tatu tu."

"Najua."

"Watu watatula nyama."

"Watule."

Akafungua mdomo kunijibu, kisha akaangalia chini. Kutoka kitandani hadi mlangoni, kwenye saruji, kulikuwa na nyayo zangu za maji, wa kulia, wa kushoto, wa kulia, na kila wayo ulikuwa unatoa mvuke mdogo. Akashuka. Akachutama, akagusa mmoja kwa kidole, akakiondoa haraka. Mafuru amefanya kazi kwenye boila miaka kumi na mbili. Maji ya mitambo yetu anayajua kwa kuyagusa.

Akakitia kidole mdomoni. Kisha akasimama, akavaa viatu vyake vya kazi bila kufunga kamba, akaenda uani kutafuta jembe la pili.